IS6110 kwa bakteria wa TB: inaua jeni tu au inaweza kuiwasha pia?

maikro_mwaka3: Wakuu msaada hapa. Darasani tuliambiwa IS6110 ni kipande cha DNA kinachorukaruka ndani ya jenomu, kikitua katikati ya jeni basi hiyo jeni imekwisha. Sawa. Sasa nimesoma sehemu kuna jeni ilichangamka baada ya IS6110 kutua jirani yake, hapo ndo nimepotea kabisa. Kipande hichohicho kiharibu na kiwashe, inakuwaje?

mzee_wa_promota: Inategemea kimetua wapi na kimeangalia wapi. Kikiingia ndani ya jeni kinaikata. Ila IS6110 ina kama herufi 1355 hivi za DNA, na ukiacha jeni zake za kujirukisha, kwenye ncha yake moja kuna promota, yani swichi ya kuanzisha usomaji wa jeni, inayoangalia nje. Kwahiyo ikitua mbele kidogo ya jeni (kabla ya mwanzo wake), na uelekeo ukawa mmoja, RNA, yani nakala ya kusoma jeni, inaanzia kwenye IS6110 inaendelea moja kwa moja mpaka kwa jirani, na jirani anawaka hata kama hakupewa amri. Ikigeukia upande wa pili hupati hicho kitu.

Mfano ninaoupenda ni wa Mycobacterium bovis (bakteria wa TB ya ng'ombe) sugu kwa dawa nyingi aliyesambaa mahospitalini Hispania miaka ya 1990, hasa kwa watu wenye VVU. IS6110 ilikuwa imekaa mbele tu ya phoP, jeni inayosimamia jeni nyingine kibao, zikiwemo za ukali wa ugonjwa. Na kwa M. bovis wa kawaida mfumo huo wa phoP umelegea, ndo maana hapo ile promota ya kuazima ilikuwa na maana kubwa.

sina_uhakika: kwani usugu wenyewe si unabebwa na hivi vipande, kama plasmidi (vile vipete vya DNA vya pembeni) zinavyofanya kwa bakteria wengine?

mzee_wa_promota: Hapana mkuu, hapo wengi mnateleza. Bakteria wa TB hatembei na plasmidi, usugu wake unatokana na mabadiliko kwenye jeni zake mwenyewe, mfano rpoB kwa dawa ya rifampisini. Plasmidi utaikuta kwa binamu yake M. ulcerans, yule wa kidonda cha Buruli, anayo kubwa ya herufi kama 174,000 yenye jeni za kutengeneza sumu ya mailaktoni, na juu yake ana nakala zaidi ya 200 za IS2404, kipande kingine kinachorukaruka, yani jenomu imevurugwa haswa.

benchi_la_pcr: Naongezea, idadi ya nakala za IS6110 haifanani kati ya aina na aina. H37Rv ya maabara ina 16, BCG, ile ya chanjo, inayo moja au mbili, na kuna aina chache hazina hata moja, so ukitegemea IS6110 peke yake kwenye PCR (kipimo cha kunakili DNA) hao utawakosa.

maikro_mwaka3: Asanteni, nimeelewa sasa. Ila nikikuta IS6110 mbele ya jeni nitajuaje kweli ndo imeiwasha?

benchi_la_pcr: Usiamini ramani peke yake. Toa RNA kwa bakteria mwenye kipande na ndugu yake wa karibu asiye nacho, pima hiyo jeni ukilinganisha na sigA, jeni ya kulinganishia isiyobadilika sana. Halafu chukua kile kipande kiunganishe na jeni ya mng'ao kama GFP uone kama inawaka. Na pima pia bakteria akiwa ndani ya monositi, aina ya seli nyeupe za damu, maana promota hii imeonekana kuchangamka huko, kwenye chupa tu unaweza ukaona kimya ukadhani haina kazi.