Naomba ushauri: mtoto mbishi, fimbo imegonga mwamba

Habari zenu wakuu. Nina binti wa miaka 6, mbishi kweli kweli. Ukimwambia avae viatu anakaa sakafuni, anakunja mikono, anakukazia macho bila kupepesa. Nimefoka, nimechapa, nimemnyima katuni. Akichapwa halii, anauliza, "Umemaliza?" Hapo mimi ndiye ninayebaki natetemeka.

Wiki tatu zilizopita nikaacha ubabe. Siku hizi simwamrishi, namwekea mambo mawili achague: "Viatu vyekundu au vyeusi?" Anachagua, anavaa, tunaondoka. Akikataa sweta simlazimishi, naitia kwenye mkoba. Baridi ikimpiga anaiomba mwenyewe. Na akipandisha mori, mimi nashusha sauti mpaka nanong'ona. Ajabu, ananyamaza ili asikie ninachosema.

Kasheshe iko kwenye mambo yasiyo na hiari. Kumeza dawa, kushikwa mkono tunapovuka barabara, hapo ujanja wangu wote unaisha. Siwezi kuliachia gari limfundishe! Halafu mama mkwe anasema namdekeza mtoto kama yai, na mtoto mwenyewe keshalinusa hilo: nikimkatalia kitu, mbio kwa bibi yake.

Mliolea watoto wa aina hii, mlifanyaje kwenye yale yasiyo na mjadala? Na huyu bibi nimwingieje bila kumvunjia heshima? "Mchape tu" naomba msiniandikie, hiyo nimeshaimaliza.