Ramani ya wadau wa soko la Feri, mnaichoraje?

mchora_mistari:
Wakuu habari. Nasoma usanifu majengo, studio tumepewa kuchora upya soko la samaki Feri pale Magogoni, Dar. Kabla ya plani mwalimu anataka ramani ya wadau na mahusiano yao. Nimeandika wavuvi, madalali, wachuuzi, mama lishe, Jiji, wizara, watu wa pantoni, nikaunganisha kwa mishale, sasa kila mtu ana mshale kwa kila mtu na haisemi kitu. Mnafanyaje?

KokaNaMchanga:
Hiyo mishale imebeba nini? Chora karatasi tofauti, moja ya hela, moja ya samaki mwenyewe, moja ya maji na taka, moja ya nani anamwamuru nani. Chukua ya hela: mwenye boti mara nyingi kashachukua hela ya mafuta na barafu kwa dalali hata kabla boti haijatoka, kwa hiyo ikirudi mzigo unauzwa na dalali huyohuyo. Sasa wewe uje umuwekee mnada ghorofani, mbali na boti zinapofikia, umemtenga anayedai na anayedaiwa, hapo watapiga mnada mchangani na ghorofa lako libaki la kupigia picha.

Bi_Mkorofi:
Naongezea. Wanafunzi wengi wanachora lile jedwali la nguvu na maslahi, linalopanga wadau kwa nani ana uwezo na nani anaguswa, Jiji juu, wapaa samaki kule kona ya chini, basi wanawasahau. Wapaa samaki ndo wanaotumia maji kutwa nzima na magamba yao ndo yanaziba mifereji!! Nenda alfajiri, chagua beseni moja tu la samaki ulifuate kutoka mnadani, kwa mpaaji, kwa mkaangaji mpaka linapopanda bajaji, kila mkono unaolishika huyo ni mdau, andika anasimama wapi na anamlipa nani.

mtu_wa_Ilala:
Na mteja je? Kumbuka Machinga Complex, lile jengo la wamachinga pale Karume, vizimba vilikaa vitupu miaka maana mmachinga anafuata miguu ya watu na miguu ilibaki barabarani. Feri miguu mingi inashuka kwenye pantoni ya Kigamboni. Halafu jirani yako ni Ikulu bana, kikaoni hatakuja ila mpe duara lake, tena kubwa 😂

mchora_mistari:
Asanteni sana. Sasa hawa madalali wakigoma kuongelea madeni?

KokaNaMchanga:
Usimuulize anamdai nani, hakujui huyo. Muulize wakimhamisha mbali na boti itakuwaje, ataongea mwenyewe mpaka uchoke. Daftari lake ukiliona usilipige picha, na kwenye ramani usiandike jina la mtu, andika kazi yake tu.

Bi_Mkorofi:
Na mnunulie chai kwanza mdogo wangu, usimfuate wakati mnada umepamba moto.