Antibayotiki zimenivuruga tumbo, mursik (maziwa ya kuchachuka ya kibuyu) inasaidia kweli?

MamaKadogo_Nakuru: Habari zenu wadau, nimemaliza antibayotiki siku saba juu ya kifua, sasa naharisha siku ya tatu leo. Jirani hapa Section 58 anasema ninywe mursik ati inarudisha bakteria wazuri. Ni ukweli ama ni stori za jaba?

Jamaa_wa_Kondele: Ukweli iko. Hizo dawa hazichagui, zinafagia wabaya na wazuri. Mi hukunywa maziwa lala na ugali na niko fiti

Nesi_Kakamega: Pole mama. Probayotiki ni vijidudu hai, na zile zimepimwa vizuri kwa kuharisha kwa antibayotiki ni kama Lactobacillus rhamnosus na hamira inaitwa Saccharomyces boulardii, na hufanya vizuri ukianza pamoja na dawa, si baada ya tumbo kuharibika. Mursik iko na bakteria wa familia hiyo lakini kila kibuyu na mambo yake, huwezi jua wako wangapi. Na usichemshe maziwa yakishaganda, utawaua wote. Kwanza kunywa ORS, ile unga ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Ukiona damu ama joto ipande kimbia hospitali, kuna bakteria anaitwa Clostridioides difficile hupenda hiyo nafasi.

Jamaa_wa_Kondele: Na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati?

Nesi_Kakamega: Huyo bila daktari usijaribu, hata mtu kinga yake imeshuka sana.

MamaKadogo_Nakuru: Asante dada, damu hakuna. Natuma kijana ORS, mursik itangoja jioni