Kibebeo cha baiskeli kwa RAV4 yenye tairi la akiba mlangoni: kipi kitastahimili barabara ya Likasi?

Mama wa Golf, Lubumbashi

Jambo yenu nyote. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kubeba baiskeli kwa gari katika barabara zetu. Nina Toyota RAV4 ya mwaka 2008, ile ambayo tairi la akiba hufungwa nje kwenye mlango wa nyuma, na haina ndoano ya kuvutia trela. Tunakusudia kubeba baiskeli 3, yaani 2 za watu wazima na 1 ya mtoto, kutoka Lubumbashi hadi Likasi, mwendo wa kilomita kama 120 za lami, kisha tuendelee kwa njia ya udongo upande wa Mwadingusha. Nimeonyeshwa kibebeo cha mikanda, cha kufungwa kwenye tairi la akiba, na cha juu ya paa, na kila muuzaji anakisifu kile alichonacho dukani.

Kuna na jambo la pili. Tayari nilinunua cha mikanda katika duka moja la mjini, na nilipokifungua nyumbani nikakuta ndoano 2 za chini hazilingani, na mkanda mmoja hauna kibanio cha kukazia. Nilirudi na risiti mkononi. Nilijibiwa kwamba mali ikishatoka dukani haibadilishwi, na kwamba kamba zimejaa sokoni. Ningependa kujua jinsi mnunuzi anavyoweza kumtambua muuzaji wa kweli kabla hajafungua pochi.

Fundi wa kuchomelea, Katuba

Mama, nusu ya swali lako gari lenyewe limekwisha kulijibu. Kibebeo cha mikanda kimetengenezwa kwa ajili ya gari ambalo mgongo wake ni bapa, na ndoano zake hushika kwenye ukingo wa bati la mlango. Kwako kuna tairi linalotokeza nje, kwa hiyo miguu ya kibebeo haipati pa kukaa sawasawa, na ndoano za juu zitaangukia kwenye lile bawa la plastiki lililo juu ya kioo, mahali ambapo watengenezaji wenyewe hukataza pasitiwe uzito. Hata kama lile duka lingekubadilishia, mimi nisingekifunga.

Cha tairi la akiba kinafaa, lakini tufanye hesabu kwanza. Baiskeli ya mtu mzima ya chuma ina kilo kama 15, ya mtoto tuseme 10, na kibebeo chenyewe 8 au 9. Hizo ni kilo karibu 50 zinazoning'inia nyuma, na tairi ambalo tayari lipo ni kama kilo 20 nyingine. Mzigo huo wote unabebwa na bawaba 2 za mlango unaofunguka kwa upande. Gari likiwa limesimama hutaona tatizo lolote. Likidondokea shimo, uzito huo hupiga kwa nguvu iliyo kubwa mara kadhaa, na pigo linakwenda moja kwa moja kwenye bawaba. Kabla ya kununua, fungua mlango kidogo, ushike ukingo wake wa chini kwa mikono miwili, uuinue juu. Ukisikia unacheza, hata kwa unene wa kucha, usiuongezee kitu chochote mpaka bawaba zitengenezwe.

Ushauri wangu ni baiskeli 2 nyuma, na ile ya mtoto iingie ndani ya gari baada ya kutolewa gurudumu la mbele. Kama ni lazima zote 3 zikae nje, basi weka ndoano ya trela na utumie kibebeo kinachokaa juu yake. Ndoano hiyo ifungwe kwa bolti kwenye chasisi, katika matundu yaliyoachwa na kiwanda. Wengi huniletea gari wakitaka niwachomelee kibebeo kwenye bampa. Bampa ya RAV4 ni plastiki, na kinachokuwa nyuma yake ni chuma cha kupokea ajali, hakikuwekwa kwa ajili ya kuning'iniza mizigo. Ukiamua kutengenezewa kibebeo hapa mjini, na mafundi wazuri wapo, uliza unene wa chuma kabla ya kuuliza bei. Bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 3 linatosha kwa baiskeli. Lile jembamba la madirisha halitoshi, hata likipakwa rangi ya kupendeza namna gani. Baada ya safari kioshe kibebeo, utazame kando ya kila kiungo kilichochomelewa. Ukiona mstari mwembamba wa kutu uliopasua rangi, mwembamba kama uzi, pale chuma kimeanza kukatika, na kupaka rangi upya ni kuuficha ugonjwa.

Mwendesha baiskeli wa Bel-Air

Nakubaliana na fundi kuhusu mikanda na kuhusu bawaba, ila sioni sababu ya kuliacha paa kabisa. Kama RAV4 yako ina reli za juu, baiskeli 1 ya mtoto juu ya paa haileti shida, mradi vyuma vya kukatiza viwe vimefungwa vizuri na usipite uzito ulioandikwa katika kitabu cha gari. Tatizo la paa ni urefu. Mtu husafiri kilomita mia bila kasoro, akifika nyumbani anasahau, anaingiza gari chini ya lango la uwanja, na baiskeli inabaki nje. Gharama ya mafuta nayo hupanda kwa sababu ya upepo, ingawa kwa baiskeli moja hutalia.

Kwa zile 2 za nyuma, angalieni gurudumu linapoishia. Likikaa karibu na mdomo wa bomba la moshi, joto la safari ndefu linaweza kuyeyusha mpira wa tairi na kuharibu ringi, na hutagundua mpaka mshuke. Zigeuzeni, moja itazame kushoto na nyingine kulia, ili usukani na pedali zisigombane. Palipo na mguso, wekeni kipande cha mpira wa ndani wa tairi kuukuu kisha mkifunge. Magurudumu ya mbele yafungwe kwenye fremu yasizunguke. Mikia ya mikanda msiiache ikipeperuka. Halafu simameni baada ya kilomita chache za kwanza mkaze upya, kwa sababu mkanda mpya hulegea unapozoea mzigo, na mkaze tena mnapoiacha lami.

Jambo linalosahauliwa: kibao cha namba na taa za nyuma. Baiskeli 2 zinaweza kufunika vyote. Mbali na hatari ya kugongwa na lori usiku, mnampa polisi wa barabarani sababu halali ya kuwasimamisha, na sote tunajua mazungumzo yale huchukua muda gani.

Muuzaji wa vipuri, Kampemba

Mama, pole kwa majibu uliyopewa. Nami ni mfanyabiashara, na nakiri kwamba kwetu kurudishiwa mali ni kazi ngumu, kwa sababu bidhaa hizi nyingi hupitia mikono kadhaa na mipaka kabla ya kufika Kasumbalesa, kwenye mpaka wetu na Zambia, na gharama ya kukirudisha kibebeo kilikotoka inaweza kuzidi bei yake. Lakini hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuuza kitu kipungufu. Kasoro uliyoikuta ingeonekana dukani kama sanduku lingefunguliwa mbele yako, kila kipande kikilinganishwa na orodha iliyomo ndani. Muuzaji anayekataa kufungua sanduku amekwisha kukuambia atakavyokuwa siku ya malalamiko.

Swali ninalowafundisha wateja wangu waniulize ni hili: je, vipande vidogo vinauzwa peke yake? Fremu ya chuma haifi upesi. Kinachokufa ni mpira wa kushikilia baiskeli, mkanda wenye meno, kibanio, na ufunguo. Kibebeo cha kampuni inayotengeneza vipande hivyo, na kuviorodhesha kwa namba, kinaweza kukaa miaka mingi. Kisicho na vipande huwa taka siku mkanda mmoja unapokatika. Chukua mfano wa kufuli za Thule, ile kampuni ya Uswidi: kwenye ufunguo pameandikwa herufi N na tarakimu 3, na kwa namba hiyo unaweza kuagiza ufunguo mwingine bila kubadilisha kufuli. Piga picha ya namba hiyo siku ya kwanza. Vumbi letu jekundu la kiangazi huingia ndani ya kufuli, na mtu akilazimisha, ufunguo hukatikia humo.

Kuhusu garanti, ukiinunua mali ya okazio, yaani iliyokwisha kutumika, usiihesabu, maana kwa kawaida mtengenezaji humlinda mnunuzi wa kwanza mwenye risiti. Ukinunua mpya, dai risiti iandikwe jina la kibebeo, namba ya modeli na tarehe. Ile inayosema «vifaa vya gari» tu haikusaidii. Tena soma kijitabu: baadhi ya watengenezaji hawalipi uharibifu uliotokea nje ya lami, na wengine hupunguza uzito unaoruhusiwa kwenye barabara mbovu. Mwulize muuzaji kuhusu hilo kwa maandishi, kwa WhatsApp inatosha. Akijibu kwa sauti tu kwamba «hakuna shida, Mama», mwombe aandike.

Mama wa Golf, Lubumbashi

Nawashukuru, baba zangu na ndugu zangu. Nimeuinua mlango kama fundi alivyoelekeza, na unacheza kidogo upande wa bawaba ya juu. Je, hiyo ni kazi ya kubadilisha bawaba nzima, au inakazwa tu? Na kile kibebeo cha mikanda, kuna gari linalokifaa, au nikitupe?

Fundi wa kuchomelea, Katuba

Mama, anza na bolti zinazoishika bawaba kwenye mwili wa gari. Mara nyingi ndizo zilizolegea, na kuzikaza ni kazi ya muda mfupi. Kama zimekaza na mlango bado unacheza, basi pini imelika, na hapo bawaba ibadilishwe. Kibebeo usikitupe. Nikipata ndoano 2 zinazolingana na kibanio kinachouenea ule mkanda, kinaweza kufungwa kwenye gari dogo lenye mlango wa nyuma wa bati na lisilo na tairi nje, kwa baiskeli 1 au 2 nyepesi na safari za hapa mjini. Kilete pamoja na gari siku utakayokuja kwa ajili ya bawaba, nivione vyote kwa pamoja.