Dishi kubwa hupimwaje kabla ya kufuata setilaiti?

Swali: Assalamu alaykum. Nikirudi kutoka baharini, huliona dishi la kituo cha anga cha Ngomeni likigeuka polepole. Hupimwaje shabaha yake?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Njia mojawapo ni kulielekeza kwenye Jua, ambalo hutoa mawimbi ya redio na mahali pake angani hujulikana barabara. Fundi hulipitisha dishi kulia na kushoto, akitazama kelele ya mawimbi hayo inapofikia kilele, kisha husahihisha hitilafu. Dishi la mita 10, kwa masafa ya gigahazi 8, huwa na mwale (upana wa anga linaouona kwa mara moja) wa takriban robo digrii, nusu ya upana wa Jua lionekanavyo angani, ndiyo maana vipimo vya makini zaidi huhitaji kitu kidogo cha kulenga kama Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka yanayotoa mawimbi ya redio.

Jibu: Upepo nao usisahauliwe. Kusi ikivuma, dishi huwa tanga la chuma, na mota zake sharti zilizuie lisiyumbe.

Muuliza swali: Ahsanteni. Habari ya tanga naielewa vyema.