Mliohamia mapema kwenye miji iliyoanzishwa na kampuni za viwanja, tupeane uzoefu

Mzee wa Bikoni: Wakuu, leo nimepita Kibada, kule Kigamboni Dar, nikashangaa mji ulivyojaa. Kule ilipima wizara, ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, na daraja la Kigamboni lilipofunguliwa 2016 pakachangamka kabisa. Mimi nauliza ile miji midogo ambayo kampuni binafsi ilinunua mashamba ya wanakijiji, ikakata viwanja, ikasimamisha bango lenye picha ya shule na zahanati. Mliohamia pakiwa bado pori, mji ulizaliwaje? Nani aliuanzisha hasa?

Mama Masika: Umenikumbusha mbali, kaka. Sisi tulijenga upande wa Bagamoyo. Nyumba zilikuwa za kuhesabu, usiku unaona kijitaa cha jirani huko mbali, nacho cha sola. Barabara zilichongwa na greda wakati wa kuuza viwanja, masika ya kwanza yakazigeuza mitaro.

Uchungu ulinishika usiku, mvua haikati. Mume wangu akampigia dereva wa bajaji. Dereva anauliza, mtaa gani? Mtaa hauna jina! Anaambiwa kitalu D, kiwanja namba fulani. Vitalu viko kwenye mchoro, yeye atavijulia wapi? Akazunguka, akakwama kwenye tope, akazima simu. Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha, nasema basi, nafia hapa.

Aliyeniokoa ni mlinzi wa saiti ya jirani. Alikuja na tochi na mkokoteni wa kubebea maji, wakatandika godoro juu yake, wakanisukuma hadi barabara ya lami. Lori la mchanga likasimama. Mtoto alizaliwa tukiwa ndio kwanza tumevuka mlango wa zahanati, mzima wa afya.

Na lile eneo la zahanati kwenye kipeperushi lilikuwa mbele ya nyumba yangu kabisa. Nililipita nikiwa juu ya mkokoteni. Limelimwa mihogo.

Kidagaa: Mihogo! Pole sana dada.

Mpimaji Mstaafu: Pole mama. Ila tuwe wakweli, kampuni ya viwanja kazi yake ni kupima, kuuza na kufuatilia hati. Zahanati na shule ni za halmashauri. Kampuni inatenga eneo tu.

Binti wa Mapinga: Mzee, usitetee. Watu walilipia ile picha! Kama kazi ni kutenga tu, waandike "eneo lililotengwa", wasichore jengo lenye wagonjwa mlangoni.

Mpimaji Mstaafu: Sitetei mtu, binti yangu. Nasema ombeni kuona mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa. Kipeperushi hakina nguvu kama mchoro ulioidhinishwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007.

Fundi Bomba: Hapo mzee yuko sahihi. Kwetu eneo la soko lilianza kukatwa vipande, watu wanauziwa. Tulikwenda halmashauri na nakala ya mchoro, ujenzi ukasimamishwa. Bila ile karatasi tungebaki kupiga kelele.

Kidagaa: Mama Masika, kwa hiyo jina la mtoto ndilo hilo?

Mama Masika: Bibi yake alimpa. Yuko darasa la tano sasa.

Jirani Mwema: Ushauri wangu: hamia mapema hata kama hakuna umeme. Ukisubiri, utakuta bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja, imehama yenyewe.

Binti wa Mapinga: Hapana jamani. Mwenye watoto wadogo asihamie pori. Subiri majirani, hamsikii habari ya mkokoteni?

Jirani Mwema: Majirani nao wanakusubiri wewe. Basi anza na mbwa wawili na uzio wa minyaa.

Hati Mkononi: Mnasahau kubwa. Mimi nimejenga na nimehamia, hati mama, ile ya shamba zima kabla halijakatwa viwanja, bado ina jina la kampuni. Wengine ardhi yao haijawahi kuhawilishwa, yaani kutolewa kwenye ardhi ya kijiji, hiyo hati ya miaka 99 wanaisikia kwa dalali tu. Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati, muone ardhi imeandikishwa kwa jina la nani, kabla ya kulipa hata awamu ya kwanza.

Kidagaa: Si unawashtaki kwenye baraza la kata?

Hati Mkononi: Tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Ikishindikana ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Fundi Bomba: Nimjibu mleta mada. Kampuni ilianzisha viwanja, mji tuliuanzisha sisi. Kisima tulichanga, nguzo za umeme tulizifuatilia wenyewe, majina ya mitaa tuliyapanga kwenye kikao chini ya mwembe. Kampuni ilishafunga ofisi na kuondoka.

Mama Masika: Kabisa. Yule mlinzi wa mkokoteni alipata kiwanja huku huku, sasa ndiye mjumbe wetu. Zahanati tumeanza msingi mwaka huu kwa michango, kwenye eneo lile lile. Mwenye mihogo amekubali kuvuna na kupisha.

Mgeni wa Pwani: Nimesoma yote. Nimeshalipia fomu ya kiwanja, awamu ya kwanza bado. Anayejua, ofisi ya ardhi ya mkoa pale Kibaha upekuzi unachukua muda gani?