Shemeji anataka nile nyama tupu na niache dawa za sukari. Nifuate?

Mzee Kiuno:

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina miaka 46, kilo 104, na sukari aina ya pili niliyoambiwa ninayo miaka kadhaa iliyopita. Natumia metformin asubuhi na jioni, glibenclamide asubuhi, na lisinopril ya presha.

Shemeji yangu amekuwa mlokole wa nyama. Nyama ya ng'ombe, mayai, chumvi, maji, basi. Kapungua kweli, hilo siwezi kumnyima, suruali zake zote sasa zinashikiliwa na mkanda. Anasema mboga zina sumu, nyuzinyuzi ni biashara ya watu, na baada ya wiki mbili nitavitupa vidonge vyote. Mke wangu yuko upande wa kaka yake, kwa hiyo nyumbani kura zangu hazitoshi.

Mimi nyama naipenda, nisijifanye. Ila hapo kwenye kutupa vidonge roho inasita. Waliojaribu, na wenye utaalamu, naombeni faida na hasara bila kuficha. Natanguliza shukrani.

Jabali:

Mkuu, niko kwenye nyama mwaka wa pili sasa. Njaa imekufa. Nakula mara mbili kwa siku, vitafunwa hata sivikumbuki. Gesi iliyokuwa inanijaa tumboni baada ya kila mlo haipo tena, kiungulia hakipo. Wiki ya kwanza kichwa kitauma na misuli itabana, ongeza chumvi na maji, usikimbie. Na usile nyama kavu isiyo na mafuta, hutafika mbali.

Kuhusu vidonge, anayeviandika anaishi kwa kuviandika. Jiongeze.

Kidole Gumba:

Hilo jina langu hapa nimelipata kwa hiyo hiyo nyama.

Nilipungua, sikatai. Halafu usiku mmoja shuka likagusa kidole gumba cha mguu, nikapiga ukelele mpaka watoto wakaamka. Gauti. Kumbe asidi ya yuriki ilikuwa juu siku nyingi, na mimi nikawa naiongezea maini na figo kila wiki kwa sababu niliambiwa humo ndimo zilimo vitamini zote. Mzee Kiuno, kama kwenu kuna mwenye gauti au aliyewahi kutolewa mawe kwenye figo, pima kabla hujawasha jiko.

Dada wa Maabara:

Mzee Kiuno, mimi kazi yangu ni kupima damu. Sitakupangia dawa, hilo ni la daktari wako, ila nimesoma orodha ya vidonge vyako nikashtuka, maana waliotangulia wote wameiruka.

Mnabishana kuhusu kuacha dawa. Hatari iliyo karibu zaidi ni kuendelea nazo kama zilivyo. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula wanga au hujala. Ukiondoa mkate, soda na nafaka zote Jumatatu, halafu ukameza kidonge kilekile, sukari inaweza kuporomoka ukaanza kutetemeka, jasho likakutoka, ukaanguka. Lisinopril nayo ina lake: siku za mwanzo za kukata wanga, mwili hutoa maji na chumvi nyingi kwa mkojo, presha hushuka yenyewe, na kidonge kinaishusha zaidi. Unainuka kitandani kizunguzungu kinakurudisha. Metformin peke yake ni mara chache iporomoshe sukari namna hiyo. Kwa hiyo muone daktari kabla ya kwenda buchani, akuambie kipi kipunguzwe, lini, na upime sukari mara ngapi kwa siku. Inawezekana kabisa dawa zikapungua. Ila zinapungua kwa mpango, si kwa kurushwa dirishani.

Na kama kuna msomaji anayetumia dawa ambayo jina lake linaishia na "gliflozin", huyo asiguse mlo huu bila daktari. Dawa hizo pamoja na kukata wanga zinaweza kujaza damu asidi ya ketoni (mwili huitengeneza ukichoma mafuta badala ya sukari) huku mashine ya sukari ikisoma kawaida. Mtu anaanza kutapika, anapima, anaona sukari nzuri, anasubiri nyumbani.

Kilo za wiki ya kwanza msizipigie vigelegele. Wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa na maji, kila gramu na gramu kama tatu za maji. Akiba hiyo ikiisha, maji yake huondoka nayo. Mafuta ya kiuno hupungua baadaye, kwa sababu ile ile aliyosema Jabali: protini na mafuta hushibisha, mtu anakula kidogo bila kujilazimisha. Hiyo ni faida ya kweli. Nyama ina B12, ambayo mimea haina, na chuma chake mwili hukifyonza vizuri kuliko cha mboga.

Sasa nije kwenye eneo langu. Kuna wateja huniomba niwaonyeshe "mafuta kwenye damu". Nikishazungusha kichupa kwenye mashine, chembe zinakaa chini, seramu inabaki juu. Seramu ikiwa na ukungu mweupe, hiyo ni trigliseridi. Mla nyama tupu mara nyingi trigliseridi zake hushuka, seramu inatoka safi, ya njano, naye anaondoka akitamba. LDL, ile kolesteroli mbaya inayoziba mishipa, haionekani kwa macho. Nimeshika seramu safi kabisa, mashine ikatoa LDL iliyonifanya nirudie kipimo.

Mwaka 2021 watafiti wa Harvard walichapisha majibu ya watu 2,029 wanaokula hivi. Wengi walisema wanajisikia vizuri, na wenye kisukari wengi walisema wamepunguza dawa. Lakini walijaza fomu wenyewe, walipatikana kwenye mitandao ambako wapenzi wa mlo huo hukutana, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nao. Aliyeshindwa mwezi wa kwanza hakuwepo kujibu. Kati ya waliotaja vipimo vyao, LDL ya katikati ilikuwa miligramu 172 kwa desilita. Watu wengi tunataka iwe chini ya 100, na mwenye kisukari kama wewe daktari huitaka chini zaidi, kwa kuwa mishipa yako ya moyo tayari ina mzigo.

Mwambie shemeji pia kwamba nyama ni nyama na soseji ni soseji. Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Gramu 50 za kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hiyo ni asilimia 18 ya hatari uliyokuwa nayo, si watu 18 katika kila 100, maana najua kuna atakayeisoma hivyo. Nyuzinyuzi zinapunguza hatari hiyo hiyo, na nyama haina hata gramu moja.

Ukiamua kujaribu, pima kabla: mafuta yote ya damu, HbA1c ya sukari, kreatinini ya figo, asidi ya yuriki. Rudia baada ya miezi mitatu, kwa sababu HbA1c inasoma wastani wa sukari wa muda huo. Na usiku wa kuamkia kipimo usile pande kubwa la nyama. Nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa muda, figo nzima zikasomeka kama zina tatizo.

Jabali:

Dada heshima kwako, lakini Stefansson unamweka wapi? Mpelelezi wa Aktiki, mwaka 1928 aliingia hospitali ya Bellevue, New York, yeye na mwenzake, wakala nyama mwaka mzima chini ya madaktari. Hawakupata kiseyeye, figo hazikufa.

Dada wa Maabara:

Namweka hapo hapo, ni kisa kizuri. Watu wawili, walitoka wazima. Gharama zilitoka kwa chama cha wasindikaji nyama wa Marekani, ila vipimo vilifanywa na madaktari wa kweli na sina ugomvi navyo.

Angalia walichokula lakini. Sehemu kubwa ya nguvu zao ilitoka kwenye mafuta, kama robo tatu au zaidi, na protini ilikuwa wastani. Mwanzoni madaktari walimpa Stefansson nyama isiyo na mafuta, na ndani ya siku chache akaharisha na kuchefukwa. Walipomrudishia mafuta akapona. Ini lina kikomo cha protini linachoweza kukihimili, na anayekula vifua vya kuku visivyo na ngozi asubuhi mpaka jioni hukifikia. Hilo umemwambia vizuri hapo juu.

Kiseyeye huzuilika kwa vitamini C kama miligramu 10 tu kwa siku, na nyama mbichi au isiyoiva sana inayo kidogo. Wainuiti, ambao Stefansson aliishi nao, walikula ngozi ya nyangumi na viungo vya ndani, vingine vibichi. Anayekula nyama ya kusaga iliyokaangwa ikakauka hayuko kwenye mlo huo.

Ukiniuliza kilichompunguza shemeji, nadhani ni alivyoviacha zaidi ya alichokibakiza. Soda, unga na vya kukaanga vikiondoka pamoja kwa siku moja, mtu hawezi kujua kipi kilikuwa kinamuumiza, na kinachosifiwa ni kile kilichobaki kwenye sahani. Mboga za majani hazikumkosea kitu.

Mzee Kiuno:

Dada, umenitoa usingizini. Hilo la glibenclamide hakuna aliyewahi kunitajia. Kliniki ni Alhamisi, nitaenda na uzi huu mkononi. Nafikiria kuacha soda na vyote vya unga, nibaki na nyama, mayai na majani, halafu tuone vipimo.

Swali la mwisho. Mke wangu ana ujauzito wa miezi minne na anasema ataanza nyama tupu na maini ili tule sahani moja. Yeye ana shida?

Dada wa Maabara:

Huo mpango wako mpeleke daktari kama ulivyo, lakini kidonge cha glibenclamide kijadiliwe hata kwa huo, maana wanga bado umeukata.

Mkeo hapana. Maini ya ng'ombe gramu 100 yana vitamini A inayozidi kwa mbali mikrogramu 3,000, kikomo cha siku kwa mtu mzima, na ikizidi kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na bila maini, vitamini ya folati ataikosa akiacha majani na kunde, na ujauzito si wakati wa kujaza damu ketoni kwa makusudi. Aendelee na vidonge vya kliniki. Nyama ale, iive vizuri, na mboga zibaki kwenye sahani yake hata kama kaka yake atanuna.

Kidole Gumba:

Na wewe Mzee, usisahau asidi ya yuriki. Andika kwenye karatasi.